John Dewey: Mwalimu Aliyeligeuza Jiko kuwa Darasa

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi hukutana na jina la John Dewey mapema katika somo la misingi ya elimu. Mara nyingi hulikuta katika mstari mmoja tu, kwamba alikuwa Mmarekani aliyefundisha kuwa mtoto hujifunza kwa kutenda. Mstari huo hukaririwa, huandikwa katika mtihani, kisha husahaulika. Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya mtu huyo kwa kirefu kidogo, hasa ile miaka minane, kuanzia 1896 hadi 1904, ambapo yeye na walimu wenzake walifundisha hesabu, sayansi na jiografia kwa kupika nafaka. Tunayaeleza tukiwafikiria wanachuo watakaopangiwa kazi katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako kilo moja ya unga wa ngano, hamira kidogo na jiko la mkaa vyaweza kufanya kazi ileile.

Utoto na ujana

Dewey alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1859 katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Baba yake, Archibald, alikuwa mwenye duka la vyakula. Miezi tisa kabla ya kuzaliwa kwake, kaka yake aliyekuwa angali mtoto mdogo alifariki kwa ajali ya kuungua maji ya moto. Mtoto aliyefuata akapewa jina lilelile la marehemu. Nyumba hiyo haikuwa ya matajiri wala ya mafukara. Kijana John aligawa magazeti na kuhesabu mbao katika ghala la mbao, akapata fedha za kununulia vitabu.

Shule alizosoma zilikuwa za kukariri. Mwalimu alisema, mtoto akarudia. Baadaye Dewey alipotazama nyuma aliona kwamba mambo mengi yaliyomfaa alikuwa ameyapata nje ya darasa: katika kazi za nyumbani, mashambani na katika shughuli za mji, mahali ambapo mtoto alipewa wajibu na kuona matokeo yake. Fikra hiyo ndiyo mbegu ya kazi yake yote.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Vermont mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 19. Akafundisha sekondari kwa miaka miwili katika mji wa Oil City, jimbo la Pennsylvania, kisha kwa muda mfupi katika shule ya kijiji cha Charlotte, karibu na kwao. Huko Charlotte watu walikuja kumkumbuka kwa jinsi wavulana wa darasa lake walivyomsumbua. Mwanachuo anayeogopa mazoezi ya kufundisha na afarijike: mtu aliyekuja kuwa mwalimu wa walimu wa dunia nzima naye alianza kwa kuhangaika na utulivu wa darasa.

Mwaka 1882 aliingia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, akapata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1884, na mara akaitwa kufundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Huko alimwoa Alice Chipman mwaka 1886. Alice alikuwa amekwisha kufundisha shule kabla ya kuingia chuo kikuu, na ndiye aliyemvuta mumewe kutoka katika falsafa ya vitabu na kumwelekeza kwenye maisha ya watu. Watoto walipozaliwa, baba aliwatazama wakicheza, wakiuliza na kuvunja vitu, akajiuliza kwa nini udadisi huo hufifia mtoto anapoketi darasani.

Shule ya majaribio

Mwaka 1894 Dewey alihamia Chuo Kikuu cha Chicago. Jiji la Chicago lilikuwa likikua kwa kasi ya ajabu, likijaa viwanda, reli na wahamiaji kutoka kila pembe ya Ulaya. Dewey aliona jambo ambalo wengi hawakuliona. Katika kizazi kilichotangulia, mtoto wa Marekani aliona nyumbani kwao safari nzima ya kila kitu alichokitumia: kondoo akikatwa manyoya, uzi ukisokotwa, nguo ikifumwa, mafuta ya mnyama yakigeuzwa mishumaa, ngano ikivunwa na kusagwa. Mtoto wa Chicago hakuiona safari hiyo tena. Mkate ulitoka dukani, nguo ilitoka dukani, mwanga uliwaka ukutani. Hivyo shule, ambayo zamani iliongeza kusoma na kuandika juu ya elimu kubwa aliyoipata mtoto nyumbani, sasa ilibaki na kusoma na kuandika peke yake.

Dewey alifungua shule ndogo ya majaribio chini ya chuo kikuu mwezi Januari 1896. Ilianza katika nyumba ya kuishi, ikiwa na wanafunzi 16. Alipotafuta madawati, alizunguka katika maduka ya vifaa vya shule asipate yanayofaa. Muuzaji mmoja mwenye busara akamweleza sababu: Dewey alitaka meza ambazo watoto wangeweza kufanyia kazi, na madukani palikuwa na viti vya kusikiliza tu. Dewey alipenda kukisimulia kisa hiki, kwa kuwa aliona kwamba umbo la dawati hudhihirisha fikra ya shule kuhusu mtoto.

Kiini cha shule hiyo kilikuwa shughuli tatu: useremala, ushonaji pamoja na ufumaji, na upishi. Mara moja kwa wiki watoto walipika chakula cha mchana na kuwaandalia wenzao. Hapo ndipo masomo yalipochipuka. Ili kugawa chakula ilibidi kupima na kugawanya, na hiyo ni hesabu. Ili moto uwake vizuri ilibidi kujua hewa hufanya kazi gani, na hiyo ni sayansi. Mwili hufanya nini na chakula? Hiyo ni biolojia. Mmea huu huota nchi gani, na kwa nini hauoti kwetu? Hiyo ni jiografia. Upishi wa nafaka peke yake uliendelezwa kuwa mfululizo wa masomo ya miaka mitatu kwa watoto wa kati ya miaka 6 na 8, na walimu wao walishuhudia kwamba hakuna aliyechoka, si mtoto wala mwalimu.

Kuna tukio moja la jiko hilo ambalo kila mwalimu hana budi kulijua. Watoto walikuwa wakichunguza kwa majaribio namna joto linavyobadilisha vyakula. Mmoja akakosa subira, akauliza kwa nini wasifuate tu maelekezo ya kitabu cha mapishi. Mwalimu hakumkaripia. Aliwauliza watoto wote maelekezo hayo ya kitabuni yalitoka wapi. Katika mazungumzo watoto wakatambua kwamba aliyeyaandika alilazimika kwanza kujaribu, na kwamba anayeyafuata bila kujua sababu hupata chakula bila kupata maarifa. Wakarudi kwa hiari katika majaribio yao. Walipofika kwenye yai, walipasha maji kwa viwango mbalimbali vya joto na kutazama ute unavyoganda, hata wakajua wenyewe kwa nini yai lililochemshwa kwa moto mkali huwa gumu.

Hadi mwaka 1902 shule ilikuwa na watoto wapatao 140 na walimu 23, mbali na wasaidizi. Alice Dewey akawa mkuu wake. Lakini chuo kikuu kiliiunganisha shule hiyo na nyingine, ukatokea mgogoro kuhusu uongozi na nafasi ya Alice, na mwaka 1904 mume na mke wakajiuzulu. Mwaka huohuo, wakiwa safarini Ulaya, mtoto wao Gordon alifariki kwa homa ya matumbo akiwa na umri wa miaka 8. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1895, mtoto wao Morris alikuwa amefariki nchini Italia kwa ugonjwa wa dondakoo. Mtu huyu aliyeandika sana juu ya ukuaji wa mtoto alikuwa amezika watoto wawili.

Miaka ya baadaye

Dewey alihamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akafundisha huko hadi alipostaafu mwaka 1930. Aliandika vitabu vingi; kile kikubwa kuhusu elimu na demokrasia kilitoka mwaka 1916. Hakukaa tu na karatasi. Alikuwa miongoni mwa walioitia saini wito wa mwaka 1909 uliozaa chama kikubwa cha kutetea haki za Wamarekani weusi, na alijiunga na chama cha wafanyakazi cha walimu, akiamini kuwa mwalimu asiye na sauti shuleni hawezi kumfundisha mtoto kuwa raia huru.

Kuanzia 1919 hadi 1921 alikuwa China akitoa mihadhara. Mwaka 1924 alikwenda Uturuki kuishauri serikali kuhusu shule. Nchini China, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani wa Columbia, Tao Xingzhi, alifungua mwaka 1927 chuo cha walimu wa vijijini huko Xiaozhuang, karibu na Nanjing. Tao alitambua kwamba kijiji cha Wachina maskini hakikuwa Chicago. Dewey aliingiza maisha shuleni. Tao akaitoa shule na kuipeleka katika maisha, kwani kijijini kazi zote zilikuwapo tayari shambani na jikoni, zikimngoja mwalimu wa kuziuliza maswali. Serikali ilikifunga chuo hicho mwaka 1930, lakini fikra yake haikufungika.

Alipokaribia umri wa miaka 80, Dewey alitoa kitabu kifupi, mwaka 1938, na safari hii aliwaonya hata waliojiita wafuasi wake. Shule nyingine zilikuwa zimewaacha watoto wafanye wapendavyo, zikidhani kila tendo ni elimu. Dewey alikanusha. Alieleza kuwa tendo lolote humwachia mtoto kitu, lakini kitu hicho chaweza kuwa uchovu, chuki au mazoea mabaya. Tendo huwa elimu pale linapomwezesha mtoto kulielewa tendo linalofuata vizuri zaidi, na hilo halitokei bila mwalimu aliyejiandaa. Dewey alifariki mjini New York tarehe 1 Juni 1952, akiwa na umri wa miaka 92.

Fikra zake na shule zetu

Dewey hakuwahi kufundisha Tanzania, wala hatuhitaji kudai kuwa siasa yetu ya elimu ilitoka kwake. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, naye aliyatoa katika hali ya nchi yetu: watoto wengi wa wakulima, shule chache, na masomo yaliyowatenga vijana na jamii iliyowalea. Alitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunza. Wanafunzi wapange kazi, watunze hesabu, wapime matokeo na waamue matumizi ya mapato. Hata hivyo katika shule nyingi jembe lilibaki na somo likapotea. Watoto walilima, walibeba maji na kuni, kisha wakarudi darasani kukariri, na wazazi wakanung'unika kuwa watoto wao wamefanywa vibarua. Onyo la Dewey la mwaka 1938 linahusu hasa kosa hilo. Mradi wowote wa shule, uwe wa shamba au wa mikate, waweza kuwa elimu au kuwa kazi ya bure, na tofauti hiyo hutokana na andalio la somo.

Mwalimu wa Ngara au Biharamulo yuko katika hali iliyo kinyume cha ile ya Chicago. Watoto wake bado wanaiona safari nzima ya vitu vingi. Wanajua kumenya ndizi, kuanika mihogo, kupura maharage, kuchunga mbuzi. Kwa mambo hayo njia ya Tao inatosha: ni kuuliza maswali juu ya kile ambacho mtoto amekwisha kukishika. Lakini mkate kwao ni kama ulivyokuwa kwa mtoto wa Chicago. Hutoka dukani ukiwa umefungwa, na safari yake imefichika. Ndiyo sababu mradi wa kuoka mkate unafaa: unafunua kilichofichika, kwa kutumia kilichozoeleka.

Tuanze na hesabu. Kipimo cha kawaida ni unga kilo 1, maji mililita 600, chumvi gramu 20 na hamira kavu gramu 10. Darasa la V watapata kwamba maji ni asilimia 60 ya uzito wa unga, chumvi asilimia 2 na hamira asilimia 1. Uzito wa donge zima ni gramu 1,630. Baada ya kuoka wapime tena. Uzito umepungua, je, umepungua kwa asilimia ngapi, na kilichopotea kimekwenda wapi? Mvuke uliotoka chomboni ndio jibu, na hapo hesabu imekwisha kuingia katika sayansi. Kisha bei ya unga, hamira, chumvi na mkaa ijumlishwe, igawanywe kwa idadi ya vipande, na watoto waone kama mkate wao ni ghali au rahisi kuliko wa dukani.

Sayansi kubwa ya mkate ni hamira. Chukua chupa tatu zenye kiasi sawa cha hamira na sukari. Ya kwanza itiwe maji ya uvuguvugu, ya pili maji baridi, na ya tatu maji yaliyochemka ambayo bado ni ya moto sana. Funga puto kwenye mdomo wa kila chupa. Watoto waandike kwanza wanachotarajia, ndipo watazame. Puto la maji ya uvuguvugu litajaa hewa ya kabonidioksaidi. La maji baridi litachelewa. La maji ya moto halitajaa, kwa kuwa hamira ni kiumbe hai na imekufa. Watoto wa Ngara wamekwisha kuona jambo hili bila kulitambua, kwani maji ya ndizi yaliyotiwa unga wa mtama huchemka povu usiku kucha pasipo moto kadiri yanavyogeuka pombe. Mwalimu hana haja ya kuleta pombe darasani. Inatosha kuuliza ni nani aliyewahi kuona povu hilo, na kama laweza kuwa ndugu wa uvimbe wa donge la mkate.

Jiografia iko barabarani. Ngano haistawi sana katika wilaya hizi. Nchini hulimwa sehemu kama Hanang na nyanda za juu kusini, na kiasi kikubwa huagizwa kutoka ng'ambo kupitia bandari ya Dar es Salaam. Barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, kisha Ngara, hadi daraja la Rusumo mpakani na Rwanda. Malori ambayo watoto huyaona kila siku yanapita katika ramani wanayopaswa kuichora. Wakiuliza unga wa dukani ulitoka wapi, wataanza kuichora kwa sababu wanataka kujua. Katika Kiswahili, kila kundi liandike maelekezo ya kuoka kwa ajili ya kundi litakalofuata. Maelekezo yakiwa na kasoro, mkate utasema.

Yapo mapingamizi ya haki. Shule ya Dewey ilitoza karo, na wengi wa watoto wake walikuwa wa wahadhiri na wataalamu. Ilikuwa na takriban mwalimu mmoja kwa watoto 6. Mwanachuo wetu aweza kupewa watoto 70 au zaidi, na shule isiyo na jiko. Lakini tanuri si lazima. Sufuria iliyofunikwa, makaa chini na makaa machache juu ya mfuniko, huoka mkate vizuri, na akina mama wengi hufanya hivyo. Darasa ligawanywe katika makundi: wiki hii kundi moja lioke, la pili lipime, la tatu litunze hesabu, la nne liandike, wiki nyingine wabadilishane. Moto ushikwe na mtu mzima, mikono ioshwe, na mkate ugawanywe sawa kwa waliofanya kazi, kwa kuwa mtoto mwenye njaa akiona mkate wake unaliwa ofisini, amejifunza somo ambalo hakuna aliyelipanga. Unga usipopatikana, mihogo, mtama au ndizi zitafaa, maana nguvu ya somo imo katika swali.

Kabla ya kuwasha jiko, basi, mwanachuo na aandike katika andalio lake mambo matatu: swali ambalo tendo hili litalijibu, kitu ambacho watoto watakipima, na maandishi yatakayobaki katika madaftari yao. Akikosa moja ya hayo, aahirishe kuoka hadi siku nyingine. Akiwa nayo yote, hata mkate ukiungua, watoto watakuwa na la kuuliza, na somo la kesho litakuwa limeanza.